Moyo wa Kikenya nilikuwa nao, kitambulisho ndo sikuwa nacho

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote.

Kuna msomaji aliandika hapa majuzi kwamba uraia ni mapenzi ya nchi, uko moyoni, na makaratasi ni mambo ya ofisini tu. Nimesoma ile barua mara mbili na mara ya pili machozi yalinitoka, si kwa ubaya, naamini alisema kwa nia njema, ila najua kabisa huyo mtu hajawahi hata siku moja kuishi bila kitambulisho.

Mimi ni Mpemba wa Kwale. Nimezaliwa huku kusini karibu na bahari, mamangu kazikwa hapa, babangu kazikwa hapa, na babu ndo alokuja na dau kutoka Pemba kwa upepo wa kusi kufuata samaki. Alivyokuja hakuvuka nchi jamani. Mpaka 1963 zile maili kumi za pwani zilihesabiwa ni za Sultani wa Zanzibar, Waingereza walikuwa wanazilipia tu tangu 1895, kwa hivyo babu alitoka kisiwa cha Sultani akaja bara ya Sultani, ni kama mtu kuhama mtaa. Oktoba 1963 wakubwa wakatia saini pwani ikawa Kenya, sawa, tukafurahi na wenzetu, lakini sisi hakuna alotuuliza wala alotuandika, tukaendelea kuvua.

Sasa huo moyo anaousema nilikuwa nao. Wimbo wa taifa nimeuimba shuleni kila asubuhi. Lakini nikianza biashara ya samaki laini ya simu ilikuwa kwa jina la jirani, M-Pesa kwa jina la jirani, nikitaka kutoa pesa lazima twende wote kwa wakala maana wanataka kitambulisho. Siku jirani alipohamia Mombasa laini ikafungwa ikiwa na elfu kumi na nane zangu za pweza, nikampigia wee, hapatikani, zimekwenda hivyo hivyo. Ningemshtaki wapi na kwa jina gani? Kwenye karatasi zile pesa zilikuwa zake.

Mume wangu alivua miaka yote bila leseni kwa sababu leseni inataka kitambulisho, kwa hiyo alikuwa anauza kwa tajiri kwa bei ya tajiri, akibisha anaambiwa peleka kwengine, na kwengine hakuna. Akisimamishwa baharini anatoa kitu kidogo, akikosa anatoa samaki. Wengine wetu walijiandikisha kama Wadigo au Wabajuni ili wapate kipande, yaani kitambulisho, siwalaumu hata kidogo, lakini hebu fikiria kuzeeka na kabila la kuazima, mpaka watoto hawajui wajibu nini wakiulizwa wao ni kina nani. Kijana wangu wa kwanza alifaulu vizuri darasa la nane, fomu ya basari ikataka nambari ya kitambulisho cha mzazi, nikaiacha ile nafasi wazi nikapeleka hivyo hivyo, ikarudi. Sasa hivi anavua.

Wakati huo wote nilikuwa naogopa. Hili ndo nataka msomaji yule alielewe zaidi ya pesa zote hizo. Mtu asiye na uraia hawezi kulalamika. Mtu akikudhulumu unanyamaza, muuguzi akikufokea unanyamaza, kwenye baraza la chifu unakaa nyuma kabisa karibu na njia, maana ukifungua mdomo swali la kwanza ni wewe mtu wa wapi. Mimi nilikuwa mkimya mpaka watu wakaniona ni mpole wa tabia.

Julai 2023 tukatambuliwa, Rais akaja Kilifi, tukapewa vyeti vya uraia na Wapemba tukahesabiwa kuwa jamii moja ya Kenya. Nilipopata kitambulisho changu nililala nacho chini ya mto, sioni haya kusema. Kitu cha kwanza nikasajili laini yangu, cha pili nikaenda kikao cha bajeti ya kaunti nikasimama nikauliza kwa nini bandari yetu haina barafu na samaki wanaoza kila kaskazi wakizidi. Sauti ilitetemeka lakini niliuliza mpaka mwisho na mtu wa kaunti aliandika. Hakuna alonambia wewe mtu wa wapi. Na 2027 nikijaaliwa uhai ndo nitapiga kura kwa mara ya kwanza maishani.

Kwa hivyo nashukuru, tena sana. Lakini kushukuru kusitufanye tukanyamaza maana kuna jambo halijaisha.

Katiba yetu ya 2010 Kifungu cha 14 inasema wewe ni raia wa kuzaliwa kama siku unayozaliwa babako au mamako ni raia. Siku ile unayozaliwa. Sisi tumepata uraia wa kusajiliwa 2023, basi binti yangu wa mwisho alozaliwa kabla ya hapo, mamake siku hiyo hakuwa raia kwenye karatasi, na mjukuu wangu alozaliwa juzi kwa kijana wangu alopata cheti yeye ni raia wa kuzaliwa. Wanalala kitanda kimoja hao watoto! Mmoja Kenya ni yake tangu kuzaliwa na mwengine namzungusha maofisini. Kifungu hicho hicho kinasema mtoto akiokotwa Kenya, anaonekana hajafika miaka minane na wazazi wake hawajulikani, anahesabiwa raia wa kuzaliwa. Ni sheria nzuri sana, ina huruma, Mungu awabariki waloiandika. Ila mimi nikiisoma nawaza, yaani mwanangu angekuwa hana mama angekuwa raia, tatizo lake ni kwamba mamake anajulikana.

Halafu huu wa kusajiliwa unaweza kufutwa, Kifungu cha 17 kimetaja sababu, mfano ukifungwa jela miaka mitatu au zaidi ndani ya miaka mitano tangu usajiliwe. Mwenzangu wa Kidigo tunayeuza naye samaki meza moja akifanya kosa lile lile anafungwa, anatoka, anarudi kwao. Sisemi watu wafanye makosa wasiadhibiwe, nasema tuwe na adhabu moja kwa kosa moja.

Na tusidhani ni Wapemba tu. Wamakonde walokuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa hapa Kwale, Oktoba 2016 walitoka huku kwa miguu kwenda Nairobi mpaka Ikulu, wazee na kina mama, ndo wakatambuliwa wakawa kabila la 43. Washona, wale wa asili ya Zimbabwe, walitangaziwa uraia Disemba 2020 siku ya Jamhuri, miaka zaidi ya hamsini baada ya wazee wao kuja. Ukiangalia kila mara ni safari ndefu halafu sherehe na mtu mkubwa kwenye jukwaa. Sheria ya uraia ya 2011 ilishaweka njia kwa watu wasio na utaifa walokuwa hapa tangu uhuru, sasa kwa nini karani wa ofisi ya kawaida, siku ya kawaida, hakuweza kuifuata bila kungoja agizo la Rais? Mtu akipewa haki yake kwenye uwanja na muziki anarudi nyumbani akidhani amefadhiliwa, na mtu alofadhiliwa hadai kitu tena.

Ombi langu kwa wanaohusika: wafanyeni watoto wa waliosajiliwa wafuate wazazi wao pale pale, fomu moja, familia moja. Na kwa wewe msomaji mwenye kitambulisho toka una miaka kumi na minane, kama kuna jirani anayekuomba umsajilie laini, muulize kwa nini, pengine hata chifu wenu hajui kuwa yuko.

Binti yangu nimempeleka kwenye ofisi moja huku mara tatu. Mara ya kwanza mfumo ulikuwa chini, mara ya pili wakataka cheti cha babake ambacho nilikuwa nacho mkononi lakini wakataka nakala, mara ya tatu aliyehusika hakuwepo. Jumatatu tutakuwa hapo tena saa moja asubuhi, nakala tatu tatu za kila kitu ziko kwenye bahasha. Jina langu kamili na nambari ya kitambulisho changu nimeiandika kwenye karatasi ya pili kwa ajili ya meza yako, mhariri.

Mchuuzi wa samaki,
Kwale