Nodi ya Waku kwenye seva yako: kontena kuwaka si sawa na nodi kufikika

Nodi nyingi za Waku zinazoletwa kwetu zikiwa "zimegoma" huwa hazijagoma. Ukiandika `docker compose ps`, kila kontena (kifurushi cha programu kinachoendeshwa na Docker) inaonyesha inafanya kazi. Grafana, dashibodi ya vipimo, inafunguka. Ila ujumbe hautoki, au unatoka na haumfikii mtu. Kosa kwa kawaida limekaa nje ya kontena: anwani ya intaneti, poti, saa ya seva, diski, au kikomo cha huduma ya RPC (mlango wa kusoma blokcheni). Hapa tunaeleza jinsi ya kuisimamisha nodi tangu mwanzo, na hasa jinsi ya kujua kwamba kweli inafikika.

Waku ni familia ya itifaki za kutuma ujumbe rika kwa rika, iliyotokana na Whisper, itifaki ya ujumbe ya miaka ya mwanzo ya Ethereum. Programu ya Status inaitumia. Hakuna seva kuu. Nodi, yaani mashine zinazoshiriki kwenye mtandao, zinapokezana ujumbe zenyewe juu ya libp2p, maktaba ya mawasiliano ya rika kwa rika. Nodi kamili hufanya kazi mbili kubwa: Relay, yaani kupokea na kupitisha ujumbe, na Store, yaani kuuhifadhi kwa muda ili simu iliyokuwa imezimwa iukute ikirudi mtandaoni.

Jambo moja lieleweke kabla hujatumia hata shilingi. Kuwa na nodi yako hakufanyi ujumbe kuwa siri. Mtandao huu ni wa wote, na ujumbe unapita kwenye mashine za watu usiowajua. Usiri unatoka kwenye programu yako, inayopaswa kusimba ujumbe kabla haujaondoka kwenye simu. Kama programu inatuma maandishi wazi, kila nodi iliyo njiani inaweza kuyasoma, na nodi zenye Store zitayahifadhi pia.

Mahali pa kuiweka

Wengi huanza na kompyuta ya ofisini iliyounganishwa na intaneti ya simu au ya nyumbani. Kwa kujifunza, sawa. Kwa kazi, hatushauri, na sababu kubwa si umeme kukatika bali ni CGNAT: mtoa huduma anawagawia wateja wengi anwani moja ya umma. Nodi yako itaweza kuwapigia wengine, lakini wao hawataweza kuipigia.

Kupima ni rahisi. Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya upande wa WAN (wa intaneti), kisha linganisha na jibu la `curl -4 https://api4.ipify.org`. Zikitofautiana, uko nyuma ya NAT (mfumo wa kugawana anwani moja) ya mtu mwingine. Anwani ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hakuna haja ya kubahatisha, hiyo ni CGNAT, na kufungua poti kwenye ruta yako hakutasaidia chochote. Omba anwani ya umma kwa mtoa huduma, au kodi seva.

Sisi huanzia seva ya Linux yenye CPU 2, RAM GB 4 na SSD ya GB 80. Iwe Nairobi, Johannesburg au Frankfurt, kwa ujumbe wa maandishi tofauti haitakusumbua. Jali zaidi kiasi cha data kinachoruhusiwa kwa mwezi, maana nodi ya Relay inabeba pia ujumbe wa watu wengine usiku na mchana. Weka `vnstat`, programu ya kupima matumizi ya data, siku ya kwanza, na baada ya wiki moja `vnstat -d` itakuonyesha matumizi halisi. Usiiunganishe nodi na bando la kawaida la simu.

Kusakinisha

Unahitaji git, na Docker yenye Compose ya toleo la 2. Ile ya zamani yenye kistari, `docker-compose`, iliacha kuhudumiwa mwaka 2023, na mafaili mapya huishinda. Kisha:

`git clone https://github.com/waku-org/nwaku-compose`
`cd nwaku-compose`
`cp .env.example .env`
`chmod 600 .env`

Ndani ya `.env`, faili la mipangilio, kuna mambo manne ya kujaza kwa uangalifu.

La kwanza ni `RLN_RELAY_ETH_CLIENT_ADDRESS`, anwani ya RPC ambayo nodi hutumia kusoma orodha ya wanachama wa RLN (kinga ya ujumbe taka, tutaieleza chini) kwenye blokcheni. Vifurushi vya bure vya RPC vina kikomo cha maombi. Kikifika, nodi inaendelea kuwaka lakini haijui tena wanachama wapya ni akina nani, na hapo huanza kuukataa ujumbe halali. Makosa ya namna hii huonekana kwenye logi pekee, kwa hiyo mtu asiyesoma logi atahangaika siku nzima.

La pili ni `ETH_TESTNET_KEY`, ufunguo binafsi wa pochi itakayolipia usajili. Tengeneza pochi mpya kabisa yenye ETH ya majaribio tu. Usiweke hapa ufunguo wa pochi yenye pesa halisi, hata kwa dakika tano. La tatu ni `RLN_RELAY_CRED_PASSWORD`, nywila inayolinda cheti chako cha uanachama.

La nne ndilo husahaulika: `NODEKEY`. Ukiiacha tupu, nodi hujitengenezea utambulisho mpya kila inapowashwa, na kila programu uliyoielekeza kwa anwani ya jana itabaki inagonga mlango usiokuwepo. Tengeneza mara moja kwa `openssl rand -hex 32`, weka jibu lake kwenye `.env`, usiliguse tena.

Diski nayo iamuliwe sasa. Store inaandika kwenye hifadhidata ya Postgres, na `STORAGE_SIZE` ndiyo kikomo cha ukubwa wake. Kuna hati `set_storage_retention.sh` inayokadiria kiasi kinachofaa, lakini unaweza kuandika mwenyewe. Kwenye diski ya GB 80 tunaweka `STORAGE_SIZE=40GB`, si 70. Postgres huhitaji nafasi ya kupumulia, logi zinakua, na imeji za zamani za Docker hubaki palepale baada ya kila sasisho. Diski ikijaa kabisa Postgres husimama, na kuiinua tena ni kazi ngumu kuliko kununua GB 40 za ziada.

Uanachama wa RLN

Mtandao wa Waku unajikinga na ujumbe taka kwa RLN: anayetuma huambatanisha uthibitisho kwamba ni mwanachama na hajavuka kiwango chake ndani ya kipindi cha dakika 10, bila kufichua yeye ni mwanachama yupi. Unasajili kwa `./register_rln.sh`, na cheti kinaandikwa kwenye `keystore/keystore.json`. Kama unataka nodi ipitishe tu ujumbe wa wengine bila kutuma wake, huhitaji kujisajili, ingawa anwani ya RPC bado inatakiwa. Masharti ya usajili yamewahi kubadilika kati ya matoleo, kwa hiyo soma README ya toleo ulilonalo kabla ya kutafuta sarafu za majaribio.

Kosa linalowakuta hata mafundi wazuri: kunakili `keystore.json` kwenye seva ya pili ili iwe ya akiba, kisha kuziwasha zote mbili. Kila moja inahesabu ujumbe wake peke yake, zinatumia nambari zilezile ndani ya kipindi kimoja, na nodi nyingine zinaona mwanachama mmoja anayevunja kanuni. Ujumbe unatupwa kimyakimya. Seva mbili, vyeti viwili.

Kuwasha na kufunga milango

`docker compose up -d`, kisha `docker compose logs -f --tail 100`. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla nodi haijatulia na kupata wenza (nodi nyingine). Usiizime na kuiwasha kwa kukosa subira. Kila mara unairudisha mwanzo.

Poti za kufunguliwa kwa dunia ni 30304 TCP ya libp2p, na 9005 UDP ambayo nodi hutumia kutafutana. Ukitaka programu za kwenye kivinjari ziunganike, weka jina la tovuti kwenye `DOMAIN`, fungua 8000 TCP, na uache 80 wazi ili cheti cha Let's Encrypt kipatikane na kuhuishwa. Poti 8645 ya REST (njia ya kuipa nodi amri) na 8003 ya vipimo zibaki ndani ya seva.

Hapa ndipo watu wengi hujiamini kupita kiasi. Wanaandika `ufw deny 3000` kwenye ufw, ukuta wa moto wa Linux, na kudhani Grafana imefungwa. Docker huandika kanuni zake za iptables moja kwa moja, na poti iliyotangazwa na kontena inaipita ufw bila kuulizwa. Njia salama ni kuifunga poti kwenye anwani ya ndani, yaani `127.0.0.1:3000:3000`, kisha kuifungua dashibodi kutoka kwako kwa `ssh -L 3000:127.0.0.1:3000 mtumiaji@seva`. Mabadiliko ya aina hii yaandike kwenye `docker-compose.override.yml`, la sivyo `git pull` ijayo itagombana nayo. Kumbuka pia kwamba orodha ya `ports` kwenye faili hilo huongezwa juu ya ile ya awali, haiifuti, andika `ports: !override` ili ichukue nafasi yake.

Ukiwa hapo, tazama mstari wa `restart`. Ukisema `on-failure`, kontena haitarudi yenyewe baada ya seva kuzimwa na kuwashwa. `unless-stopped` ndiyo inayofaa kwa nodi ambayo watu wanaitegemea.

Je, inafikika?

Kwenye seva, andika `curl http://127.0.0.1:8645/debug/v1/info`. Jibu lina `listenAddresses`, na anwani iliyo humo lazima iwe ya umma. Ukiona 172 au 192.168 peke yake, nodi inawatangazia wenzake anwani ya chumbani kwako. Halafu toka nje kabisa, tumia kompyuta iliyo kwenye mtandao mwingine, ujaribu `nc -vz anwani-yako 30304`. Jaribio la ndani ya seva yenyewe halithibitishi kitu. Kwa 9005 `nc` haitakusaidia, kwa kuwa UDP haijibu. Hapo dalili ni idadi ya wenza kupanda au kukwama.

Mwisho, tuma ujumbe halisi kwa REST hadi `/relay/v1/auto/messages`. Mada iandikwe kwa mpangilio wa `/programu/1/chumba/proto`, mzigo uwe base64, na muda uwe wa nanosekunde (`date +%s%N`). Anayeweka sekunde za kawaida anajikuta ameandika ujumbe wa Januari 1970, na Store haiuhifadhi.

Kufuatilia

Dashibodi ni nzuri, lakini hakuna anayeikodolea macho saa nane usiku. Unahitaji tahadhari chache zinazoamsha mtu. Tunaanza na `libp2p_peers`: ikikaa chini ya 5 kwa dakika 15, kuna tatizo la mtandao. Diski ikifika asilimia 80, tahadhari. Ikifika 90, simu. Saa ya seva nayo ifuatiliwe, kwa sababu uthibitisho wa RLN umefungwa kwenye kipindi cha muda: saa ikipotea, ujumbe wako utaonekana wa zamani au wa kesho. `timedatectl` iseme `System clock synchronized: yes`.

Kontena ikifa na namba 137, shuku kumbukumbu. Hakikisha kwa `docker inspect`, ukitafuta `OOMKilled`. Mara nyingi anayeila ni Postgres inapojibu maombi mazito ya Store, na tiba ni kuongeza RAM, kisha kuinua `POSTGRES_SHM` (kumbukumbu ya pamoja ya Postgres). Kuinua `POSTGRES_SHM` bila kuongeza RAM ni kuhamisha tu tatizo.

Na kipimo kimoja lazima kikae nje ya seva. Prometheus (inayokusanya vipimo) na Grafana zilizo kwenye mashine ileile hufa pamoja nayo, zikiwa kimya. Mashine nyingine yoyote inayogonga poti 30304 kila dakika inatosha.

Nakala rudufu na masasisho

Hifadhi mahali pengine `.env`, folda ya `keystore` na faili lako la override. Vyote ni vidogo. Ujumbe wa Postgres hatuuhifadhi kwa wateja, kwani Store ni hifadhi ya muda na nodi nyingine pia zinao. Programu inayotegemea Store kama kumbukumbu ya kudumu imejengwa vibaya.

Kabla ya kusasisha, soma maelezo ya toleo. Mkataba wa RLN ukibadilika, cheti cha zamani hakifai na usajili unaanza upya. Vinginevyo ni `docker compose down`, `git pull`, `docker compose up -d`, kisha rudia jaribio la nje. Baadaye `docker image prune` itarudisha nafasi ya diski.

Ukitaka tuisimamishe au tuifuatilie kwa niaba yako, tutumie anwani ya seva, mistari 200 ya mwisho ya logi, na majibu ya `df -h`, `free -h` na `timedatectl`. Usitume `.env` wala `keystore.json`. Zikihitajika tutakaa na wewe kwenye skrini, uziandike mwenyewe.