“VPN ya bure si ingetosha?” Kwa nini tunatoza kuangalia bei za Urusi

Wiki iliyopita alitupigia mteja mwenye hoteli ndogo mashariki mwa Unguja, amechemka. Ankara yetu ya kumwangalizia bei kwenye tovuti za Urusi iko mkononi na mpwa wake keshamwambia ameibiwa: tovuti za Warusi zinafunguka kwa VPN ya bure (programu inayokufanya uonekane uko nchi nyingine), sasa hawa wanatoza nini? Ni wa nne kulalamika hivyo tangu msimu uanze. Basi naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Kufunguka zinafunguka, na hatujawahi kumuuzia mtu ufunguo wa mlango ulio wazi. Tunachouza ni kujua Mrusi aliyejilaza kwake Kazan, anatafuta safari ya Zanzibar kwenye simu, anaonyeshwa bei gani.

Mpwa alifungua kwa VPN iliyotokea Amsterdam. Tovuti ya safari ilipokosa mji wa Urusi wa kumhesabia, ikamwekea Moscow kuwa ndiko anakopandia ndege. Akapiga skrinishoti, akamtumia mjomba: chumba chako kinauzwa mara tatu ya unachowauzia! Mjomba akagombana na wakala wake siku mbili. Tulipokaa naye tukaikuza ile picha kwenye skrini kubwa. Chini ya bei, kwa maandishi madogo ya kijivu, pameandikwa watu wazima 2, usiku 7, pamoja na ndege. Yeye alikuwa ameilinganisha na bei ya chumba kitupu. Kisha tukafungua daftari lake la mapokezi, na wageni wengi wa mwezi ule walitokea Yekaterinburg na Kazan. Bei ya Moscow ingemsaidia nini?

Mtu atasema, lakini mji si unaweza kuuchagua mwenyewe pale juu? Unaweza, kwenye tovuti nyingi. Ukitaka kuangalia hoteli yako mara moja fanya hivyo, hela yako kanywee kahawa. Kazi inakuwa kazi pale unapotaka hoteli 40 za jirani, tarehe tofauti, miji sita, kila wiki. VPN ya bure inatumia anwani ya intaneti ya kituo cha data, yaani ghala la kompyuta, ambayo watu wengi wameshaichosha. Kurasa chache tu unaletewa kapcha, lile jaribio la kuthibitisha kuwa wewe ni mtu, kwa herufi za Kirusi, ukiendelea unafungiwa. Afadhali ukifungiwa, maana unajua. Kuna tovuti inayokuletea ukurasa pungufu, nawe ukadhani hoteli ya jirani imejaa.

Sisi tunatumia proksi ya majumbani, inayopitisha ombi lako kwenye intaneti ya nyumba ya mtu, kwa hiyo tovuti inaona mkazi wa mji ule. Tunaishikilia anwani moja mpaka hesabu ya mji mmoja iishe, ndipo tunahama. Tunakwenda polepole ili tusiilemee tovuti ya watu. Hatuingii kwenye akaunti, hatuchukui jina wala namba ya mnunuzi yeyote. Saa nazo tunaziangalia: saa tatu asubuhi yetu ni saa tatu ya Moscow, ila Novosibirsk ni saa saba mchana, na bei za safari hazikai zikikusubiri.

Sasa hela. Proksi hizi tunazinunua kwa gigabaiti. Ukurasa wenye picha tuseme unakula megabaiti 3. Kurasa 400 kwa kila mji, miji sita, ni gigabaiti 7.2 kwa mzunguko mmoja. Picha tunazizima ili kupunguza, na hiyo punguzo iko kwenye ankara yako tayari, mstari wa tatu, ambao hakuna anayeusoma.

Wapo wanaouza proksi kwa bei ya karanga. Muulize anayekuuzia: hizo nyumba ni za nani, na wenyewe wanajua? Mei 2024 Marekani ilitangaza kuuvunja mtandao ulioitwa 911 S5, uliokuwa umekusanya anwani zaidi ya milioni 19 duniani, nyingi kupitia programu za VPN za bure. Mtu anapakua cha bure, kompyuta yake inakodishwa kwa wezi. Sisi tunanunua kwa muuzaji anayetuonyesha kwamba wenye nyumba wamekubali na wanalipwa. Ni ghali, ndiyo.

Na ukishapata kurasa, nani atazisoma? Mfungashaji mmoja wa viungo alitujia na jedwali alilotengenezewa na kijana wa bei rahisi, bei za karafuu Urusi, mistari 300. Karafuu kwa Kirusi ni “gvozdika”. Na lile ua la mapambo ambalo Waingereza huliita carnation, nalo ni “gvozdika”. Zaidi ya nusu ya mistari ilikuwa mashada ya maua. Alikuwa keshaagiza vifungashio.

Mwingine wa majani ya chai alichukua bei ya chini kabisa aliyoiona Ozon, duka kubwa la mtandaoni la Urusi, akapigia hesabu ya faida yote. Bei hiyo, iliyoandikwa kwa kijani, ni ya mwenye kadi ya Ozon. Asiye nayo analipa zaidi, na bei hiyo ipo pembeni yake. Tukamwekea zote mbili na uzito wa pakiti, kwani pale gramu 100 na gramu 250 zinapangwa pamoja. Akataka pia tumnunulie sampuli kwa Visa yake. Tangu Machi 2022 Visa na Mastercard za nje hazifanyi kazi Urusi, hilo proksi haliliwezi.

Mwenye hoteli naye aliomba punguzo. Kwenye proksi nilikataa. Tulichofanya ni kurudi kwenye daftari lake, tukaondoa miji mitatu ambayo haijamletea mgeni hata mmoja, ankara ikashuka karibu nusu. Kwa hiyo ukija na kazi ya namna hii, njoo na daftari la wageni au la mauzo, na uniambie tarehe unazozitaka kabla sijawasha mashine.