Somo la kuchota data lianzie kwenye mipangilio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai kwa walimu wenzangu wa kompyuta, hasa wale wanaofundisha vijana kutengeneza programu ndogo za kuchota taarifa kwenye tovuti. Kazi hii imekuwa nyepesi tangu zilipopatikana maktaba za lugha ya programu ya Python (yaani msimbo ulioandikwa tayari) kama Scrapy, iliyotolewa bure kwa umma mwaka 2008, ambayo humwachia mwanafunzi kuandika mambo machache tu: ukurasa wa kuanzia, viungo vya kufuata na vipande vya taarifa anavyovitaka. Kupanga foleni ya maombi ya kurasa, kurudia ombi lililoshindikana na kuhifadhi matokeo katika faili ya CSV au JSON ni shughuli ya maktaba yenyewe. Hilo ni jema. Ninachokilalamikia ni kwamba somo huishia hapo, na faili ya mipangilio, ambayo ndiyo huamua programu itajiendesha vipi mbele ya seva za watu (kompyuta zinazotunza tovuti zao), mwanafunzi huambiwa aiache kama ilivyo.

Kuiacha kama ilivyo si jambo dogo. Kwa miaka mingi, mradi mpya wa Scrapy ambao mwenyewe hakugusa chochote uliweza kupeleka hadi maombi 8 kwa wakati mmoja kwenye tovuti moja, bila pumziko lolote lililowekwa. Toleo la 2.13, lililotoka mwaka 2025, limerekebisha hali hiyo, kwa hiyo mradi mpya sasa huanza na ombi moja moja na pumziko la sekunde 1. Hata hivyo, mifano ambayo vijana wanainakili mtandaoni mingi iliandikwa kabla ya hapo. Tovuti kubwa ya kimataifa haitashtuka kwa maombi 8, lakini tovuti ya duka la mkoani, iliyopangishwa kwa ada ndogo kwenye seva moja na tovuti nyingine kadhaa, inaweza kuyumba hadi wateja wakadhani duka limefungwa.

Ipo pia faili ya robots.txt, ambayo mwenye tovuti huiweka ili kueleza sehemu asizotaka zipitiwe na programu. Utaratibu huo ulipendekezwa na mtaalamu wa programu Martijn Koster mwaka 1994, na ukaandikwa rasmi kuwa kiwango cha intaneti, RFC 9309, mwaka 2022. Hauna kufuli wala mlinzi, kwani ni ombi tu. Katika Scrapy, kuliheshimu au kulipuuza ni suala la mstari mmoja wenye neno moja, na nimeona mafunzo yanayomshauri mwanafunzi alibadilishe neno hilo mara tu anapokwama, bila hata kumweleza amelikataa ombi la nani.

Kwa mazoezi napendekeza books.toscrape.com, duka la kubuni lililotengenezwa mahususi kwa wanaojifunza, lenye vitabu 1,000 katika kurasa 50. Lina mitego mizuri. Jina refu la kitabu huonekana limekatwa na kumaliziwa kwa nukta, na mwanafunzi anayechota maandishi ya kiungo hupata jina nusu, ilhali jina kamili limo katika sifa ya kiungo hichohicho iitwayo title. Idadi ya nyota nayo haijaandikwa popote kama maandishi ya kusomeka, bali imo katika jina la daraja la CSS, yaani lebo iliyo ndani ya msimbo wa ukurasa inayoelekeza mwonekano wake. Mwanafunzi atakosea, atarekebisha, ataendesha tena, na hapa ndipo mipangilio inapoonyesha faida yake. Akiweka pumziko la sekunde 2, kurasa zote 50 za orodha pamoja na kurasa 1,000 za vitabu humchukua kama dakika 35, naye atanung'unika. Lakini akiwasha hifadhi ya muda, kurasa alizokwisha kuzipata husomwa kutoka kwenye kompyuta yake, kwa hiyo anaweza kurekebisha vichaguzi vyake (maelekezo ya sehemu za ukurasa za kuchotwa) mchana kutwa bila kuisumbua tena seva ya mtu. Kuna hata mpangilio wa kurekebisha mwendo wenyewe, ambao huongeza pumziko pale seva inapochelewa kujibu. Huwa umezimwa mpaka mtu auwashe, na sijui kwa nini unafundishwa kwa nadra kiasi hiki.

Wapo watakaosema kwamba kilichowekwa hadharani ni cha wote. Kwa bei za vitabu au za mahindi sina ubishi mkubwa. Namba za simu na majina yaliyo kwenye matangazo ya nyumba za kupanga ni habari nyingine, maana Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayekusanya taarifa za watu hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba zilionekana kwenye kivinjari.

Ninachoomba kinatekelezeka muhula huu huu. Mwanafunzi anapowasilisha mradi, mwalimu afungue faili ya mipangilio kabla ya kufungua msimbo, na sehemu ya alama itoke humo. Aangalie kama robots.txt inaheshimiwa, pumziko ni la sekunde ngapi, hifadhi ya muda imewashwa au la, na kama utambulisho wa programu unataja chuo na anwani ya barua pepe ambayo mwenye tovuti anaweza kuiandikia akitaka kazi hiyo isimamishwe. Anwani hiyo iwe ya idara, si ya mwanafunzi, ili malalamiko yakija yamfikie mtu aliye kazini hata baada ya kijana kuhitimu.

Wako,
Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro