Barua ya malalamiko: usiku wa taarab tuliouziwa na ule tuliopewa

Magomeni, Dar es Salaam

Kwa Meneja wa Matamasha

YAH: MALALAMIKO KUHUSU USIKU WA TAARAB ASILIA NA WASANII HURU, PAMOJA NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyenunua tiketi ya shilingi 60,000 kwa onyesho mliloliandaa Jumamosi iliyopita kwenye ile bustani ya ufukweni. Bango lenu liliahidi muziki laivu mwanzo mwisho, kuanza saa moja kamili jioni, na viti vya karibu na jukwaa kwa wenye tiketi ya bei hiyo. Kuhusu saa sina la kusema sana. Sauti ya kwanza ya ala ilisikika saa tatu na robo, na Dar es Salaam tumeshazoea. Viti navyo nilipewa, safu ya tatu, siwezi kusema uongo. Ni hayo mengine yaliyonifanya nikae chini niandike.

Naanza na bashraf, maana usiku uliharibikia hapo. Kundi la taarab asilia likishakaa jukwaani haliingii moja kwa moja kwenye kuimba. Linapiga kwanza bashraf, ala tupu bila mwimbaji: fidla zinatangulia, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, inajibu, udi na akodiani vinapokezana, ngoma ya dumbaki inawashika wote. Hapo wapigaji wanapimana, na sisi tuliokaa tunaacha mambo ya foleni na ya ofisini tunaingia kwenye mahadhi. Ndiyo ada ya vikundi vya Unguja, kuanzia Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 hadi Mila na Utamaduni. Wako watu, na mimi nimo, ambao wangelipa kiingilio kwa ajili ya bashraf peke yake.

Mshereheshaji wenu aliigeuza kuwa muziki wa kumsindikiza yeye. Alitaja wadhamini. Akataja namba ya gari lililoziba njia ya kutokea. Akauliza "Dar mpooo?" mara kadhaa, kisha akarudi kwa wadhamini. Bashraf ilipokwisha, akatangaza kwa furaha kwamba wanamuziki wetu wamemaliza kujaribu mitambo na sasa tunaanza. Mzee aliyekuwa kwenye fidla ya mbele alimtazama, akainamisha kichwa, akaupangusa upinde wake kwa leso. Kwenye meza yetu hakuna aliyepiga makofi, si kwa sababu hatukupenda, bali hatukupewa nafasi ya kujua kwamba imekwisha.

Sasa nije kwenye kanuni, na hapa naomba fundi mitambo wenu naye asomewe barua hii.

Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini. Zimefungwa tatu tatu, na kila tatu zinatakiwa zitoe sauti moja. Daraja linalozibeba limekalia ngozi, na ngozi ikipigwa na unyevu wa baharini hulegea, na nyuzi nazo zinashuka. Mliwaweka wanamuziki hatua chache kutoka majini, usiku, katika mji wa joto kama huu. Hakuna kosa katika hilo, taarab ni muziki wa pwani. Ila maana yake ni kwamba kila baada ya nyimbo mbili tatu mpigaji anahitaji kimya kidogo achukue ufunguo wake akaze panapolegea. Ninyi kila wimbo ulipokwisha mlimfungulia DJ, kwa sauti ya kutetemesha chupa mezani.

Nilimwona kijana wa kanuni ameinama hadi sikio linakaribia kugusa ubao, mkono mmoja umeshika ufunguo, kidole cha mkono wa pili kinadonoa uzi, na haelekei kusikia chochote. Akainua kiganja kwa fundi, akakishusha taratibu: punguza. Fundi akamjibu kwa dole gumba. Muziki wa DJ ukaendelea. Wimbo uliofuata nyuzi za sauti moja zilikuwa chini, naye kila alipozifikia alizikwepa, akarukia pengine, ukawa wimbo wenye mapengo. Meza ya jirani mtu akasema, "Huyu bado anajifunza." Hilo liliniuma kuliko shilingi 60,000. Kijana anapiga ala ambayo wanaoijua nchi hii si wengi, ninyi mmemnyima dakika mbili za kimya, na lawama inamwangukia yeye.

Na hata kilichopigwa vizuri tulikisikia nusu. Mitambo ilikuwa imepangwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeimba juu ya biti iliyorekodiwa: besi mbele, sauti ya mwimbaji mbele, katikati patupu. Kanuni ilipewa kipaza sauti kimoja, nacho kilisogezwa mbali ili kisizibe picha za mpiga video wenu. Fundi alipokipandisha spika zikapiga mluzi, akakishusha, na ikawa ndiyo basi. Udi tuliuona kwa macho. Kikundi cha kidumbak, ile taarab ya mtaani ya kuchezwa, kilipopanda, lile sanduku, besi ya uzi mmoja inayosimama juu ya boksi la chai, liliwekewa kipaza sauti juu kabisa penye fimbo, wakati mngurumo wake wote unatoka kwenye boksi chini. Kikundi kizima cha kidumbak kinaendeshwa na hilo sanduku pamoja na vile vidumbaki viwili. Mkishalipoteza hamna cha kucheza. Mngewauliza wenyewe wangewaonyesha pa kuweka, lakini hakuna aliyeuliza, kwa kuwa majaribio ya mitambo yalifanywa na DJ.

Sidai spika kubwa zaidi. Nimekaa kwenye harusi Unguja, uani, kipaza sauti ni kimoja tu cha mwimbaji, na udi ukasikika hadi barazani. Na asiniambie mtu kwamba haiwezekani kwenye onyesho kubwa la nje. Tamasha la Sauti za Busara la Unguja, lililoanza mwaka 2004, limefanyika miaka mingi Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani ya Mji Mkongwe, kwa msimamo kwamba anayepanda jukwaani apige laivu, na upepo wa bahari wanao kama ninyi. Humo nimewahi kumsikia Bi Kidude katika uzee wake, na nimesikia vikundi vyenye zeze na marimba kutoka bara, vimetulia, kila ala mahali pake.

Jambo lililowakera wengi zaidi, nadhani, ni la kutunza, yaani kumpelekea mwimbaji noti jukwaani anapoimba. Mliweka vyuma mbele ya jukwaa na mabaunsa wamesimama nyuma yake. Kwa onyesho la bongo fleva sawa. Kwa taarab mmefunga mlango wa shughuli yenyewe. Mtu hainuki kwenda kumtunza mwimbaji kwa sababu ana fedha za ziada. Anainuka kwa sababu ubeti umemgusa, au umemsemea jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulisema na mhusika amekaa meza ya pili anasikia. Anakwenda kwa mwendo wa wimbo, noti mkononi, anamfikia mwimbaji, wanatazamana, anarudi. Wengine wote tunasoma hapo nani kaguswa na nini. Hiyo ni nusu ya onyesho, na wala hamkulipia.

Mama mmoja wa makamo, aliyevaa vizuri kwa ajili ya jioni hiyo, alifika kwenye vyuma na noti yake ya elfu kumi. Baunsa akamzuia, akamwonyesha skrini iliyoandikwa lipa namba. Mama akamuuliza, "Nimtunze nani, simu?" Akasimama pale hadi ubeti ukapita, akarudi kukaa. Hakuinuka tena usiku ule.

Mimi nililipa kwenye namba hiyo shilingi 10,000, na ujumbe uliorudi kwenye simu yangu una jina la kampuni yenu, si la kikundi wala la mwimbaji. Nilipokutana na mmoja wa wapigaji nje wakati wa kuondoka nikamuuliza kama wanajua habari za namba ile. Aliiona kwenye skrini kama nilivyoiona mimi.

Sehemu ya wasanii huru nitaipita haraka, kwa kuwa ninyi wenyewe mliipita haraka. Nilikuja hasa kwa ajili yao. Tangu DCMA, chuo cha muziki wa nchi za jahazi, ifungue milango yake Unguja mwaka 2002 pametokea vijana wanaoshika udi na kanuni bila kuacha gitaa la besi na dramu, wanatunga wenyewe, hawana lebo, hawana meneja mwenye gari kubwa. Kundi la Siti and the Band ni mfano ambao wengi wanaujua. Wale mliowaleta ninyi walivuka na boti tangu asubuhi, wakapanda saa tano na nusu usiku, wakapiga nyimbo mbili, vipaza sauti vikazimwa kwa maelezo kwamba kibali kinakwisha saa sita. Mwimbaji alikuwa katikati ya kutushukuru. Meza yao ya kuuzia fulana na albamu mliiweka nyuma ya jenereta, gizani. Msanii asiye na lebo anarudishia nauli yake kwenye ile meza. Niliifuata kwa tochi ya simu, nikanunua fulana inayonuka dizeli.

Halafu Jumatatu mkaweka video ya usiku ule kwenye ukurasa wenu. Kanuni inasikika safi kabisa, kila uzi. Nikafurahi kidogo, nikidhani angalau mlirekodi vizuri. Nilipotazama mara ya pili nikaona vidole vya kijana havilingani na sauti: anapiga haraka, muziki unakwenda pole, na fidla tatu zinasikika ambapo jukwaani zilikuwa mbili. Mmechukua rekodi ya studio mkaipachika juu ya picha za onyesho, chini mkaandika "laivu". Tayari mnauza tiketi za toleo lijalo kwa video hiyo.

Nimewaandikia kupitia namba yenu ya huduma kwa wateja. Jibu la kwanza lilinishukuru kwa kuwa sehemu ya familia yenu. La pili lilinishukuru tena. La tatu liliniletea punguzo la tiketi ya usiku wa DJ kutoka Afrika Kusini, ambaye sina ugomvi naye.

Madai yangu ni haya. Nirudishiwe nusu ya kiingilio, shilingi 30,000, kwa namba ya simu iliyonunua tiketi. Sidai yote kwa sababu waimbaji waliimba, na waliimba vizuri. Pili, mtoe hesabu ya fedha zilizoingia kwenye ile lipa namba usiku huo na kiasi kilichowafikia wasanii, na kama bado mnazo muwapelekee, yangu ikiwamo. Video iondolewe, au iwekwe sauti yake halisi pamoja na DJ wenu ndani yake. Na wale vijana wa Unguja walipwe kwa onyesho zima waliloitiwa, kama hamkuwalipa; hilo si dai langu kisheria lakini naliandika.

Kuhusu toleo lijalo, mkiwa bado mna nia ya kulifanya: mkodini fundi aliyewahi kushika mitambo ya taarab, wapo Dar na wapo Unguja, na mumpe saa mbili za mchana na kikundi. DJ akae kimya kati ya wimbo na wimbo. Mshereheshaji aseme ya wadhamini kabla ya bashraf au baada ya wimbo wa mwisho. Vyuma viwe na uwazi katikati wa kupita mtu mmoja na noti yake. Hakuna hata moja kati ya haya lenye gharama kuzidi zile taa zilizokuwa zinatumulika machoni.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayomuuzia, na nimehifadhi bango lenu, tiketi, ujumbe wa malipo na video kabla hamjaifuta. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo nitapeleka vyote Tume ya Ushindani.

Majibu yaje kwa maandishi kutoka kwa mtu mwenye jina na cheo, yasije yale ya kunikaribisha kwenye familia.

Wenu,

Mteja wa safu ya tatu
(namba ya tiketi na ya simu zimeambatanishwa)