Kabla ya kuyazamisha maji ya mvua, tazama kisima kiko wapi

Mvua za Mtwara huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kila zinapokaribia tunapokea wateja wenye ombi lile lile: maji ya paa na ya uwanja yasituame, yazame ardhini. Ni ombi jema. Maji yanayozama huongeza maji ya visima, na katika mji wa pwani kama wetu husaidia pia kuizuia bahari, kwa sababu chini ya ardhi maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi.

Hata hivyo, maji hayazami peke yake. Mvua ya kwanza hukokota vumbi, kinyesi cha kuku na mbuzi, oili ya pikipiki na zinki ya mabati. Udongo wenye mboji na mizizi hunasa sehemu kubwa ya uchafu huu karibu na uso wake, na oili huliwa taratibu na vijidudu. Isiyonaswa ni naitreti, ambayo hutoka kwenye vyoo vya shimo, samadi na mbolea, huyeyuka, kisha huenda yaendako maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo, kwa kuwa ikizidi damu yao hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua sufuriani, yenyewe hubaki na kukolea.

Kwa sababu hiyo tuna msimamo ambao baadhi ya wateja huuona mkali: hatuchimbi shimo refu la kujaza mawe ili lipokee maji ya uwanja, kwani shimo hilo huuruka udongo unaochuja na kuushusha uchafu moja kwa moja karibu na maji ya kisima. Tunajenga bustani ya mvua, yaani kibonde cha kina kifupi chenye mchanga uliochanganywa na mboji, kilichopandwa nyasi, na mbele yake karo dogo la kutuliza mchanga na takataka.

Katika nyumba moja ya Shangani tulichimba kishimo cha majaribio, tukamimina ndoo ya lita 20, na maji yakaisha kabla kijana wetu hajarudi na ndoo ya pili. Mama mwenye nyumba alifurahi. Sisi tuliingiwa na wasiwasi, maana mchanga unaokunywa kwa kasi hiyo hauchuji vya kutosha, na kisima kilikuwa hatua kumi na mbili tu kutoka hapo. Tuliihamishia bustani upande wa barabarani, tukaiongezea tabaka nene la udongo wa mboji, na maji ya paa tukayaelekeza kwenye simtanki. Penye jiwe la matumbawe tunakuwa waangalifu zaidi, kwa kuwa nyufa zake hupitisha maji kama bomba.

Choo nacho kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako cha shimo lake kiwe mita 1.5 au zaidi juu ya maji ya ardhini. Kipimo hicho kichukuliwe mwishoni mwa masika, maji yakiwa yamepanda. Cha Oktoba hudanganya. Ukija kwetu, tafadhali njoo na kina cha maji ya kisima chako pamoja na mchoro wa kiwanja unaoonyesha choo kilipo, pamoja na cha jirani.