Kwa Juma, kuhusu Stars na Ufaransa ya 2010

Nkuhungu, Dodoma

Ndugu yangu Juma,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Sisi hatujambo, upepo na vumbi tu kama unavyoijua Dodoma.

Umeniandikia kwamba Taifa Stars, timu yetu ya taifa, ikiongezewa wachezaji wanaocheza Ulaya, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2027, tukiwa wenyeji pamoja na Kenya na Uganda, kombe halitoki. Hapo nakukatalia: vipaji peke yake havitoshi.

Ufaransa ya 2010 ilikosa vipaji? Henry, Ribéry, Evra, Anelka, na miaka minne nyuma walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Dunia. Kule Afrika Kusini, wakati wa mapumziko ya mechi na Mexico, Anelka akamtolea kocha Domenech maneno mazito. Wakalala 2-0, gazeti likayaanika ukurasa wa mbele, shirikisho likamtimua Anelka kambini. Kesho yake, pale Knysna walipopiga kambi, nahodha Evra akazozana na kocha wa viungo mbele ya kamera, mpaka kocha yule akatupa saa ya kupimia mbio kwa hasira. Wachezaji wakapanda basi, wakafunga mapazia, wakagoma kufanya mazoezi. Na tamko la mgomo akalisoma nani? Domenech mwenyewe! Wakaburuza mkia wa kundi, pointi 1, goli 1.

Matusi vyumbani yapo kila timu, Juma. Wale walikosa mtu wa kusikilizwa na pande zote mbili: nahodha alishasimama upande mmoja, kocha heshima ilishakwisha, na viongozi walikuja na adhabu tu.

Kamerun 2014 ugomvi ulikuwa wa posho. Waligoma kupanda ndege kwenda Brazil, na kwenye mechi na Croatia Assou-Ekotto akampiga kichwa Moukandjo, mwenzake! Wakafungwa 4-0.

Sasa njoo kwetu. Stars ikicheza, kibanda umiza cha hapa mtaani kinagawanyika: huyu wa Msimbazi (Simba), yule wa Jangwani (Yanga). Pasi ikipotea tu, "si ndio hao wa kwenu." Inaniuma, maana wachezaji nao wamekulia humo humo. Ningekuwa na sauti, ningetaka posho ziandikwe kabla ya kambi, na nahodha awe mtu ambaye hata asiye wa klabu yake atamfuata.

Wewe unayefundisha vijana hapo Singida, wawili wakigombana unaanza na nani? Niandikie, nataka kujua kweli.

Nduguyo,
Mathayo