Tazama mkasi ulipo: barua kwa binti wa kaka yangu

Mwanangu,

Mchoro wako wa leso umenifikia salama. Niliutandaza juu ya meza ya dukani, nikaukandamiza kwa rula na mkasi usipeperushwe na feni, nikawa nautazama asubuhi nzima kati ya mteja na mteja. Adhuhuri baba yako akapiga simu kutoka Malindi akanieleza ya upande wake, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyelala vizuri. Nimewasikia nyote wawili. Umeniruhusu niyaandike haya hadharani mradi nisikutaje, nami nashukuru, kwa sababu nyumba nyingi za biashara hapa pwani zina kijana aliyerudi na karatasi mkononi na mzee asiyetaka kuitazama.

Nianze na baba yako. Ni kaka yangu, nilimjua kabla yako, na safari hii amekosea. Kumwambia mtoto "leso ni leso, haichezewi" halafu ukaondoka mezani, hilo si jawabu. Leso hiyo, yaani kanga, anayosema haichezewi, ilizaliwa kwa kuchezewa.

Bibi zetu walitusimulia, na wanahistoria wameandika hivyohivyo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na wa huku kwetu waliona vitambaa vya mkononi vya rangi, ambavyo Wareno waliviita lenço, na sisi tukalichukua neno tukalifanya letu. Vilikuja vimechapwa kwenye jora, kimoja baada ya kingine, ili muuzaji akate kimoja kimoja. Wanawake wakasema usikate hapo. Wakanunua vipande sita vilivyoshikana, wakavigawa vitatu vitatu, wakaziunga safu mbili kwa sindano, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Mfanyabiashara hakuwatuma, wala hakuna aliyewachorea. Wenye maduka walikuja nyuma, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Kwingine wakaiita kanga, kwa madoadoa yaliyofanana na ya yule ndege, lakini sisi wa Mombasa tumebaki na leso yetu.

Wala wanawake hao hawakutafuta urembo peke yake. Merikani, ile pamba nyeupe iliyotoka Marekani, na kaniki iliyotiwa nili, zilikuwa nguo za watumwa na mafukara. Sheria ilipoacha kuutambua utumwa Unguja mwaka 1897, mwanamke aliyeivua kaniki akajifunga nguo ya rangi alikuwa akitangaza jambo zito bila kufungua kinywa. Nalipenda sana jambo hili. Kila nikifungua robota jipya huwa nalikumbuka.

Kisha maandishi. Hapa Mombasa alikuwapo Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887, na ile alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla" hadi leo wateja huitafuta kwenye ukingo wa nguo kabla ya kuuliza bei. Yeye ndiye anayetajwa kuwa aliyeanza kutia majina, yaani yale maneno ya kusomwa, kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu. Hebu fikiria wazee wa soko walivyomtazama siku hiyo. Nguo huvaliwa, tangu lini ikasomwa? Leo leso isiyosomwa tunaiona ina upungufu.

Basi baba yako akirudia maneno yale, msomee hapa.

Sasa nije kwako, na hapa uniwie radhi. Umeliondoa pindo, umeliondoa na jina. Mji, yaani ile sehemu ya katikati, wote umeujaza wimbi moja kubwa la kijivu na samawati iliyopauka, linaloanzia kona hii na kuishia ile. Mkono wako ni mzuri, hilo halina ubishi. Lile povu ulilolichora pale juu nimelitazama mpaka nikasikia harufu ya chumvi. Lakini nilipokuuliza kwa nini umeyatoa hayo mawili, uliniandikia: "Kwa sababu hakuna aliyewahi kufanya." Nikashtuka. Jibu hilo nilishalitoa mimi, kwa maneno hayohayo, nikiwa na umri kama wako.

Hukuwa umezaliwa. Nilikuwa nimekabidhiwa rafu moja tu ya duka, na nilitaka watu wajue kuwa rafu ile ni yangu. Nikatazama kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi. Kisutu ya asili haina jina na inauzwa tangu enzi na enzi. Nikajiambia, kumbe jina si lazima! Nikaagiza robota zima la leso ya maua makubwa ya kijani, isiyo na neno hata moja. Kiwanda kilichapa kama nilivyotaka, na rangi ilishika vizuri.

Wanawake waliipapasa, wakaisifu pamba. Kisha wakaigeuza, wakaigeuza tena, wanatafuta. "Mbona haisemi?" Neno hilo nililisikia wiki ile mpaka nikawa naliota. Mama mmoja mtu mzima, mteja wa bibi yako, alinishika mkono akaniuliza kwa upole: "Hii nikampe mke mwenzangu, atajua nimemwambia nini?" Sikuwa na la kumjibu. Waliochukua waliifanya pazia, na wengine wakatandikia magodoro. Masanduku mawili yalibaki.

Ilinichukua miaka kuelewa kisutu ilinidanganya wapi, au tuseme nilijidanganya wapi. Ile haikuhitaji maandishi kwa kuwa kila mtu alishajua inasema nini. Ukiiona imetandikwa kitandani au imefungwa kiunoni unajua kuna harusi. Yangu ya kijani ilikuwa bubu kwelikweli. Nilichukua umbo la kitu nikaacha kazi yake.

Kazi ya pindo unaijua? Jifunge leso usimame mbele ya kioo, ugeuke. Utaona kwamba pindo halikuwekwa pale kama mbao za kuzunguka picha. Ndilo linaloonekana pembeni nguo inapokunjwa, ndilo linalouzunguka uso unapojitanda, na jina lililo juu ya pindo la chini linaangukia nyuma, chini ya kiuno, pale ambapo anayekufuata njiani hana budi kulisoma. Aliyeandika "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" alijua atakayesoma ni nani na atakuwa amesimama wapi. Yaani mwili wa mwanamke anayetembea ndio uliopanga mchoro ule. Wewe umechora vizuri kwa ajili ya ukuta.

Ndani ya mpango huohuo watu wamefanya mageuzi makubwa bila kumwomba mtu ruhusa. Hati za Kiarabu zikaacha nafasi kwa za Kirumi. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kanga ziliweza kuchapwa hapa hapa kwetu, na nyuso za viongozi zikaingia kwenye mji pale palipokuwa na mikorosho na mananasi. Obama aliposhinda urais mwaka 2008, uso wake nao ulikaa katikati, pindo limemzunguka, jina liko chini yake. Hakuna aliyeuliza kama hiyo ni leso.

Katika barua yako umenitajia Tingatinga, kwamba yeye hakufuata mpango wa mtu. Nafurahi umemtaja. Lakini mtazame vizuri. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, na alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia mbao nyembamba za dari na rangi ya baiskeli. Wengi leo wanaona ujasiri wa msanii. Mimi naona mtu aliyekamata kilichopatikana na akaweza kukimudu, akakifanyia kazi mpaka rangi ile nzito inayong'aa ikawa ndiyo sura yenyewe ya chui wake na ndege wake. Alifariki mwaka 1972. Ni miaka minne tu! Kila nikiihesabu inanihuzunisha.

Na baada yake? Ndugu zake na wanafunzi wake waliendelea, wakafundishana, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Familia nyingi zimesomeshwa na kazi hiyo, nami naiheshimu. Ila nilipotembea Dar es Salaam kwenye vibanda vya kuuzia wageni, niliona tembo yuleyule, mbuyu uleule, mlima uleule, kibanda baada ya kibanda. Kilichokuwa kigeni mwaka 1968 kimekuwa mazoea yanayomfunga kijana wa leo kuliko baba yako anavyokufunga wewe. Nakwambia haya kwa sababu wimbi lako hata likiuzwa, mwenye viwanda kule Jetpur, Gujarat, ambako leso nyingi tunazouza huchapwa, hahitaji hata msimu mmoja kulinakili. Kama ulichonacho ni utofauti peke yake, utaibiwa. Sikio lililokaa dukani hawawezi kulinakili.

Nitakupa mfano wangu mwingine, wa heri. Miaka kadhaa baada ya ile ya kijani, mteja mmoja alikuwa akihesabu noti zake taratibu, na mwenzake pembeni anamhoji kwa nini anunue doti mbili mwezi mmoja. Akamjibu bila kugeuka: "Jasho nimetoka mimi, bei ya nini kuniuliza." Nilikiandika kile kijineno nyuma ya risiti. Usiku nikakipima, nikakipunguza, kikawa "Jasho nimetoka mie, bei waniulizia". Nikaagiza kwa pindo la kawaida kabisa na mji wa korosho kama wa zamani. Kwenye mchoro hapakuwa na jipya hata moja. Ilikwisha kabla ya Idi, na wengine walinunua wakaiweka tu, wakimngojea wa kumpa.

Kwa hiyo pale baba yako anapoagiza majina kutoka orodha ileile ya tangu enzi za babu yako, hapo ndipo alipolala, na hapo ndipo ungeanzia ugomvi wako.

Lakini nina jingine kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya nikae usiku kuandika. Wale wanawake wa kwanza walikuwa na mkasi na sindano. Sasa wewe tazama mkasi wa leo ulipo. Kila siku wasichana wanaingia dukani, wanakunjua doti, na swali lao la kwanza ni: "Inatosha dera?" au "Itatoka gauni na kilemba?" Wakilipa hawaendi nyumbani, wanavuka barabara kwa fundi. Juzi nilikwenda kwake na mfuko nikaokota mabaki sakafuni. Mwanangu, sakafu nzima ni majina yaliyokatwa. Nusu ya dua, robo ya methali. Kwenye gauni lililokuwa limetundikwa, "WEMA HAUOZI" ilikuwa imeingia kwapani, imebaki "WEMA HAU". Fundi wa watu hana kosa. Leso ile ilichorwa kwa ajili ya kufungwa, yeye analetewa aikate.

Wazee wanalalamika kwamba kukata leso ni kuiharibu. Walalamike. Wateja wameshakata, kama walivyoshona wale wa kwanza, na sijaona aliyekaa akachora leso inayoujua mkasi utapita wapi. Jina likae wapi ili likiwa gauni liangukie mgongoni, likiwa zima? Pindo liwe na upana gani ili litoshe ukingo wa mkono na bado lizunguke shingo? Wimbi lako hilo, nimelifikiria sana, likipanda kutoka chini ya gauni na kuishia kiunoni litapendeza ajabu. Na isipokatwa, ibaki leso kamili yenye pindo lake na jina lake, maana aliyefiwa hatafuti gauni, wala mwenye mtoto mgongoni. Hili ni gumu. Sijui kama linawezekana kwa doti moja. Najua kwamba wewe una mkono wa kulijaribu na mimi sina.

Kwa baba yako usirudi na karatasi. Yeye hasomi mchoro na hajawahi. Nguo huisoma kwa vidole, akiwa amefumba macho nusu, kama babu yako. Mpelekee gauni lililoshonwa, umwache alishike.

Ile leso yangu ya kijani, zimebaki doti sita sandukuni. Haina neno, kwa hiyo unaweza kuliandika jina kwa chaki popote upendapo, ukate, ukosee, ukate tena. Nimezifunga pamoja na mabaki ya sakafuni kwa fundi, na nimempa dereva wa matatu ya asubuhi ya Malindi. Atakupigia akifika stendi. Mkasi nao nimeutia humo, ule wa bibi yako, nimeunoa leo.

Shangazi yako,
Mombasa